Kupima mchango wa pampu za kutoa dawa katika usugu wa bakteria

Bakteria anapokuwa sugu, maabara huuliza kwanza amebeba jeni gani. Swali linalobaki bila jibu mara nyingi ni hili: katika usugu huo, sehemu gani inatoka kwenye pampu za utando wake, zile zinazoitema dawa nje kabla haijafika inakotakiwa kufanya kazi?

Mwongozo huu unaeleza namna ya kulijibu kwa vifaa ambavyo maabara nyingi za mikrobiolojia tayari zinavyo: sahani ya visima 96, mchuzi wa Mueller-Hinton (chakula cha maji cha kuoteshea bakteria), kizuia pampu kimoja au viwili, na taa ya UV. Kazi ya mikono si ngumu kwa anayejua kupima MIC, yaani kiwango cha chini kabisa cha dawa kinachozuia ukuaji wa bakteria. Ugumu uko kwenye kusoma matokeo, kwa sababu bakteria yeyote mwenye pampu hudhoofika kiasi fulani pampu ikizibwa, awe sugu au asiwe. Anayepima kimelea kimoja peke yake, bila cha kulinganisha nacho, atakuta "pampu" kila anapotazama.

Kinachotokea kwenye utando

Mwaka 1980 McMurry, Petrucci na Levy walionyesha kwamba E. coli sugu kwa tetrasaiklini haiharibu dawa hiyo, bali huitoa nje kwa kutumia nishati. Tangu hapo zimetambuliwa familia sita kubwa za pampu: RND, MFS, ABC, MATE, SMR na PACE. Za ABC huendeshwa na ATP. Nyingine huendeshwa na tofauti ya protoni au ya sodiamu kati ya pande mbili za utando, na tofauti hii ina maana kubwa utakapochagua kizuia.

Kwa bakteria wa Gram hasi, wenye utando wa ndani na wa nje, pampu zinazosumbua zaidi kliniki ni za RND. Mfano unaojulikana vizuri ni AcrAB-TolC ya E. coli: protini tatu za AcrB kwenye utando wa ndani, sita za AcrA katikati, na tatu za TolC zinazofanya mfereji hadi nje ya utando wa nje. Zile AcrB tatu hufanya kazi kwa zamu. Moja inapokea dawa, ya pili imeikumbatia, ya tatu inaisukuma kwenye mfereji, kisha kila moja inahamia hatua inayofuata huku protoni zikiingia ndani. Binamu zake ni MexAB-OprM na MexXY-OprM za Pseudomonas aeruginosa, AdeABC ya Acinetobacter baumannii, CmeABC ya Campylobacter jejuni na MtrCDE ya kisonono. Kwa Gram chanya, inayotajwa sana ni NorA ya Staphylococcus aureus, ya familia ya MFS.

Pampu haifanyi kazi peke yake. Ni sawa na kufua maji kwenye mashua inayovuja, yaani kuyachota na kuyamwaga nje: anayefua polepole atafanikiwa ikiwa tundu ni dogo, na atazama ikiwa ni kubwa, hata mkono wake uwe mwepesi vipi. Utando wa nje wa Gram hasi, wenye vitundu vyembamba, ndio unaopunguza uvujaji na kuipa pampu nafasi. Ndiyo maana kitu chochote kinachotoboa utando wa nje kitaonekana kama kimezuia pampu, hata kama hakijaigusa. Mtego huu umeharibu majaribio mengi, na tutaurudia.

Pampu iliyozalishwa kupita kiasi, ikiwa peke yake, kwa kawaida hupandisha MIC mara 2 hadi 8. Hicho ni kidogo, na mara nyingi hakitoshi kuvuka mpaka wa usugu. Lakini athari yake huzidishwa na ya mabadiliko mengine, haijumlishwi. Mwaka 2000 Oethinger na wenzake waliondoa jeni za acrAB kwenye E. coli zenye mutesheni za gyrA na parC, jeni za vimeng'enya vinavyolengwa na fluorokwinoloni. Bila pampu, mutesheni hizo hazikutosha kuleta usugu wa fluorokwinoloni wenye uzito wa kliniki.

Chagua dawa kwanza, kizuia baadaye

Dawa utakayopima lazima iwe inabebwa na pampu unayoishuku, na kizuia lazima kiwe na uwezo wa kuonyesha tofauti kwa dawa hiyo. Kwa AcrAB-TolC, levofloksasini, kloramfenikoli na tetrasaiklini zinafaa. Siprofloksasini nayo inabebwa, lakini PAβN, kizuia cha kwanza kwenye orodha iliyo hapa chini, huishusha MIC yake kidogo tu kwenye E. coli, kwa hiyo jibu hasi la siprofloksasini na PAβN halikuambii kitu. Kwa P. aeruginosa, levofloksasini ndiyo chaguo la kwanza. Aminoglikosaidi hutolewa na MexXY na si MexAB, na PAβN haizionyeshi vizuri. Kwa S. aureus tumia siprofloksasini au norfloksasini pamoja na reserpini.

Vizuia vinavyopatikana, na tabia zake:

PAβN hulenga pampu za RND. Huyeyuka kwenye maji. Tumia 20 hadi 25 mg kwa lita. Ukipanda kuelekea 50 na zaidi, inaanza kutoboa utando wa nje. Ikivunjwa na vimeng'enya vya seli hutoa beta-naftilamini, kemikali inayosababisha saratani ya kibofu, kwa hiyo glovu ni lazima na mabaki hayamwagwi kwenye sinki.

NMP hutumika kwa takriban 100 mg kwa lita. Ina nguvu kwenye E. coli na Acinetobacter, dhaifu kwenye Pseudomonas. Ni nzuri kama kizuia cha pili cha kuthibitisha.

Reserpini ni ya Gram chanya, 20 mg kwa lita, iliyoyeyushwa kwenye DMSO. Hakikisha DMSO haizidi 1% ya ujazo wa mwisho, na iweke pia kwenye visima visivyo na reserpini. Verapamili hutumika zaidi kwa mikobakteria.

CCCP huvuruga tofauti ya protoni, na hivyo huzima karibu kila pampu isiyotumia ATP. Pia huzima mambo mengine mengi ya seli. Kwa maoni yetu haifai kwa kipimo cha MIC cha saa 18; iache kwa vipimo vya dakika chache vya mng'ao. Kwa aminoglikosaidi inapotosha waziwazi, kwa kuwa dawa hizo zenyewe zinahitaji nishati ya utando ili ziingie ndani. Kwa kolistini nayo hushusha MIC hata pale usugu unapotokana na mcr-1, ambayo si pampu. Ripoti zinazosema "pampu ya kolistini" kwa ushahidi wa CCCP pekee zisomwe kwa tahadhari.

Hakuna kati ya hivi kinachotumika kutibu mgonjwa kama kizuia pampu. Ni zana za maabara tu.

Kipimo kikuu: MIC pamoja na kizuia na bila kizuia

Otesha kimelea usiku mmoja kwenye agari isiyochagua, kama agari ya damu au Mueller-Hinton. Usichukue koloni moja kwa moja kutoka MacConkey: ina chumvi za nyongo, na chumvi za nyongo huamsha acrAB. Utakuwa unapima bakteria ambaye pampu zake zimeshawashwa na chakula ulichompa.

Kabla ya yote, pima MIC ya kizuia chenyewe kwa kila kimelea. Kiwango utakachotumia kisizidi robo ya MIC hiyo. Ikiwa PAβN pekee inazuia kimelea chako kwa 64 mg kwa lita, 25 ni nyingi mno. Shuka hadi 16 au chini yake. Hatua hii ndiyo hurukwa zaidi, na bila hiyo huwezi kujua kama kimelea kimeshindwa na dawa au na sumu ya kizuia.

Andaa chupa mbili za mchuzi wa Mueller-Hinton wenye kalisiamu 20 hadi 25 mg kwa lita na magnesiamu 10 hadi 12.5. Kwenye kila chupa ya ml 20 ongeza mikrolita 20 za magnesiamu salfeti ya mol 1 kwa lita, ili kuongeza mmol 1 kwa lita. Magnesiamu huimarisha utando wa nje na kupunguza utoboaji wa PAβN. Iende kwenye chupa zote mbili, kwa kuwa magnesiamu hujishika na fluorokwinoloni na tetrasaiklini na kupandisha MIC zake. Ukiiweka upande mmoja tu umeharibu ulinganisho. Kisha, kwenye chupa moja tu, ongeza mikrolita 50 za PAβN ya mg 10 kwa ml. Hiyo inakupa 25 mg kwa lita. Iandike chupa hiyo kwa kalamu isiyofutika.

Panga sahani hivi: safu A ni kimelea chako kwenye mchuzi mtupu, B ni hichohicho kwenye mchuzi wenye PAβN, C ni E. coli ATCC 25922, aina nyeti ya kulinganishia, kwenye mchuzi mtupu, D ni ATCC 25922 kwenye PAβN. Ukiwa na aina isiyo na acrB, kwa mfano kutoka mkusanyiko wa Keio (E. coli zilizoondolewa jeni moja moja) unaotokana na BW25113, iweke kwenye E na F, na BW25113 yenyewe kwenye G na H. Safuwima 1 hadi 10 zina dawa, ya 11 haina dawa ila ina bakteria, ya 12 ni mchuzi pekee wa kuonyesha usafi.

1. Jaza mikrolita 50 za mchuzi unaohusika kwenye safuwima 2 hadi 11, na 100 kwenye safuwima ya 12.
2. Kwenye safuwima ya 1 weka mikrolita 100 za dawa iliyoandaliwa kwenye mchuzi huohuo, kwa kiwango mara mbili ya unachotaka mwishoni. Kwa kimelea sugu kwa levofloksasini anza na 128 ili mwisho uwe 64. Kwa ATCC 25922 anza na 2 ili mwisho uwe 1.
3. Hamisha mikrolita 50 kutoka safuwima ya 1 hadi ya 2, changanya kwa kuvuta na kusukuma mara tano au sita, endelea hadi ya 10, kisha tupa mikrolita 50 za mwisho. Badilisha ncha za pipeti kati ya safuwima. Ncha moja iliyotumika mwanzo hadi mwisho hubeba dawa hadi kwenye visima vya chini, na MIC ya aina nyepesi huonekana ndogo kuliko ilivyo.
4. Tengeneza ukungu wa bakteria wa 0.5 McFarland (kipimo sanifu cha uzito wa ukungu) kwenye maji ya chumvi 0.85%. Weka mikrolita 100 zake kwenye ml 9.9 za mchuzi mtupu, na nyingine 100 kwenye ml 9.9 za mchuzi wenye PAβN. Sasa una takriban bakteria 1,000,000 kwa ml.
5. Ongeza mikrolita 50 za mchanganyiko huo kwenye visima vya safuwima 1 hadi 11, ndani ya dakika 30 tangu ulipoutengeneza. Idadi ya mwisho ni 500,000 kwa ml.
6. Hakiki idadi: chukua mikrolita 10 kutoka kisima cha 11, weka kwenye ml 10 za maji ya chumvi, sambaza mikrolita 100 kwenye agari. Tarajia koloni kama 50.
7. Funika sahani na uiweke kwenye nyuzi 35 za Selsiasi kwa saa 16 hadi 20. Usirundike zaidi ya sahani nne au tano. Za katikati huchelewa kupata joto.

Ukisoma, tazama kutoka chini kwenye mwanga unaopita. Ukuaji huonekana kama kifundo cheupe chini ya kisima au ukungu wa kisima kizima. MIC ni kiwango cha chini kabisa ambacho kisima chake ni angavu. Linganisha kwanza visima viwili vya safuwima ya 11, chenye PAβN na kisicho nayo. Kama chenye PAβN kina ukungu hafifu kuliko mwenzake, kizuia chenyewe kimeudumaza ukuaji na safu hiyo haisomwi. ATCC 25922 bila kizuia inapaswa kutoa levofloksasini kati ya 0.008 na 0.06 mg kwa lita. Kwa kuwa umeongeza magnesiamu, inaweza kukaa upande wa juu wa masafa hayo au kuvuka kwa hatua moja. Kwa sababu hiyo weka pia safu moja ya mchuzi wa kawaida usioongezwa magnesiamu, ili udhibiti wa ubora upitishwe kwa masharti yake halisi.

Hesabu inayotenganisha pampu na mengine

Kigezo kinachotumika sana ni MIC kushuka mara 4 au zaidi, yaani hatua mbili za mzimuo maradufu. Hatua moja ni kosa la kawaida la kipimo. Kigezo hicho ni sawa kama mwanzo tu, kwa sababu kinakuambia pampu ipo na inafanya kazi. Hakikuambii kama imezidi kawaida.

Tuseme kimelea chako kina MIC ya levofloksasini 16, na pamoja na PAβN inashuka hadi 2. Ni mara 8. ATCC 25922 kwenye sahani hiyohiyo imetoka 0.03 hadi 0.015, yaani mara 2. Gawanya 8 kwa 2: pampu za kimelea chako zinaongeza mara 4 zaidi ya zile za aina ya kawaida. Sasa linganisha MIC zenye kizuia: 2 dhidi ya 0.015 ni takriban mara 128. Hiyo ndiyo sehemu ambayo pampu haielezi, na kwa fluorokwinoloni mshukiwa wa kwanza ni mutesheni kwenye gyrA, nafasi ya 83 na 87, na parC, nafasi ya 80. Zidisha 4 kwa 128 upate 512, ambayo ndiyo tofauti nzima kati ya 16 na 0.03. Hesabu imefunga.

Kwa mpaka wa EUCAST, kamati ya Ulaya inayoweka mipaka ya usugu, levofloksasini kwa Enterobacterales ni nyeti ikiwa 0.5 au chini, na sugu ikiwa zaidi ya 1. Kimelea hiki kinabaki sugu hata pampu ikizibwa. Kuandika "usugu unasababishwa na pampu" kungekuwa kosa, na kuandika "pampu haihusiki" kungekuwa kosa vilevile. Zingatia pia kwamba PAβN haizimi pampu kabisa, kwa hiyo ile mara 4 ni makadirio ya chini.

Rudia siku tatu tofauti, kwa ukungu mpya kila siku, na utumie thamani ya kati. Kurudia mara tatu kwenye sahani moja kunapima mkono wako, si bakteria.

Je, ni pampu au ni utando uliotobolewa?

Kipimo cha kutofautisha ni rahisi na hakigharimu zaidi ya safu mbili. Pima vankomaisini kwenye kimelea chako cha Gram hasi, pamoja na PAβN na bila PAβN. Vankomaisini ni molekuli kubwa, karibu 1,450 Da. Haipiti vitundu vya utando wa nje, na si mzigo wa pampu hizi. MIC yake ikishuka mara 4 au zaidi ukiongeza PAβN, umetoboa utando. Punguza PAβN kwa nusu, hakiki magnesiamu, rudia. Isiposhuka, mabadiliko uliyoyaona kwa levofloksasini yana haki ya kuitwa ya pampu.

Kuwa mwangalifu hasa na rifampisini. Ni kubwa na huzuiwa na utando wa nje kuliko na pampu, hivyo MIC yake hushuka sana kwa PAβN na matokeo huvutia macho. Hayafai kuwa ushahidi.

Aina isiyo na acrB nayo ina kazi yake hapa. Isiyo na pampu haipaswi kubadilika sana ikipewa PAβN. Ikishuka kama mzazi wake BW25113, kizuia kinafanya kitu kingine.

Uchunguzi wa haraka kwa ethidiamu bromidi kwenye agari

Ukiwa na vimelea vingi na hujui uanze na kipi, tumia agari yenye ethidiamu bromidi. Kemikali hii hung'aa kidogo ikiwa huru na sana ikijishika kwenye DNA, na pampu nyingi huibeba. Bakteria mwenye pampu hodari hubaki hafifu chini ya UV mahali ambapo wenzake wanang'aa rangi ya machungwa.

Tengeneza sahani za agari ya Mueller-Hinton zenye 0, 0.5, 1, 1.5, 2 na 2.5 mg kwa lita. Kwa ml 20 za agari, mikrolita 20 za ethidiamu ya mg 1 kwa ml hutoa 1 mg kwa lita. Ongeza ethidiamu agari ikiwa imepoa hadi nyuzi 50 hivi, changanya bila mapovu, mimina, na funika kwa karatasi ya alumini mara moja, mwanga huiharibu. Tengeneza siku hiyohiyo ya kutumia. Paka ukungu wa 0.5 McFarland kwa pamba, kwa mistari inayotoka katikati kwenda ukingoni, hadi vimelea 12 kwa sahani, kimoja kikiwa ATCC ya kulinganishia. Otesha kwenye nyuzi 37 kwa saa 16 hadi 18, gizani.

Andika kwa kila kimelea kiwango cha chini kabisa kinachokifanya king'ae. Kinachohitaji 2.5 wakati ATCC imeng'aa mapema zaidi kinastahili kipimo kamili. Unene wa mstari hudanganya: mstari mnene hung'aa zaidi kwa wingi wa seli tu, kwa hiyo pamba zilowekwe na kukamuliwa kwa namna moja. Usilinganishe Gram hasi na Gram chanya kwenye sahani moja, wala aina mbili tofauti za bakteria wa Gram hasi. Ulinganisho ni ndani ya spishi.

Ethidiamu hubadilisha DNA na ya mtumiaji pia: glovu za nitraili, kinga ya uso dhidi ya UV, na mabaki kwenye chombo chake maalumu cha kuteketezwa. Usiiweke kwenye ndoo ya dawa ya klorini.

Kuiona pampu ikifanya kazi

Wenye kisomaji cha mng'ao wanaweza kutazama utemaji wenyewe dakika kwa dakika. Otesha hadi OD600 (ukungu unaopimwa kwa mwanga wa nanomita 600) ya 0.6, zungusha kwenye sentrifuji, osha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi yenye fosfeti) yenye pH 7.4, rekebisha hadi OD600 ya 0.4. Pakia ethidiamu 1 mg kwa lita (au nusu ya MIC yake, iliyo ndogo) pamoja na PAβN, bila glukosi, kwenye nyuzi 25 kwa saa moja. Seli zikiwa na njaa na kizuia kipo, rangi inajaa. Zungusha tena, mwaga maji ya juu, rudisha mashapo kwenye PBS safi, na ugawe kwenye visima vya sahani nyeusi: PBS pekee, PBS yenye glukosi 0.4%, na glukosi pamoja na CCCP ya mikromol 10 kwa lita. Soma kila dakika kwa dakika 30 kwenye nyuzi 37, mwanga wa kuchochea ukiwa nanomita 530 na wa kusoma 585.

Kisima cha glukosi kinapaswa kushuka ndani ya dakika chache za mwanzo, cha PBS pekee kushuka taratibu au kusimama, na cha CCCP kubaki juu. Ukiona vyote vitatu vinashuka pamoja, ama hukuondoa ethidiamu ya nje vizuri na upungufu unaouona ni kufifia kwa rangi, ama seli zina akiba ya nishati kwa sababu ziliachwa kwenye mchuzi muda mrefu kabla ya kuoshwa. Vyote vikibaki juu, hesabu koloni: huenda seli zimekufa. Maiti hung'aa vizuri kuliko hai. Weka daima kisima cha seli zilizochemshwa ili ujue kilele.

Baadhi hupendelea Hoechst 33342. Inafaa, ila husomwa karibu na nanomita 460, na huko ndiko kunakong'aa pyoverdini ya Pseudomonas na pia ile naftilamini inayotoka kwenye PAβN. Kwa Pseudomonas, baki na ethidiamu.

Jeni na usemaji wake

Orodha ya jeni kutoka kwenye jenomu ndiyo hupotosha zaidi. Hifadhidata za usugu zitakutajia acrB, mdtF, emrB na nyinginezo kwa karibu kila E. coli, hata iliyo nyeti kabisa, kwa sababu ni sehemu ya kromosomu yake. Uwepo wake hausemi kitu. Uwepo una maana kwa pampu za kuazima, zinazosafiri kwenye plazmidi na transpozoni: tet(A), tet(B), tet(K), mef(A), qacA. OqxAB inategemea umeikuta wapi: kwa Klebsiella pneumoniae ni ya kromosomu, kwa E. coli imeletwa na plazmidi.

Kwa pampu za kromosomu, tazama vidhibiti badala ya pampu. Kwa E. coli: acrR, marR, soxR. Kwa Klebsiella: ramR. Kwa Pseudomonas: mexR, nalC na nalD kwa MexAB, mexZ kwa MexXY, nfxB kwa MexCD. Mutesheni inayokatisha protini ya kidhibiti kizuizi ni ushahidi mzuri. Badiliko la asidi amino moja ambalo halijawahi kuelezwa si ushahidi mpaka upime usemaji wa jeni, yaani kiasi cha RNA inachozalisha.

Kwa RT-qPCR, kipimo cha usemaji huo, vuna RNA wakati kimelea kinakua kwa kasi, OD600 ya 0.5 hadi 0.6, kwa ukuaji usio na dawa. MexXY huamshwa na dawa zinazogusa ribosomu. Ukiotesha kwenye tetrasaiklini utapima mwamsho, si hali yake ya kudumu. Tumia jeni tulivu ya kulinganishia, rpoB au gapA kwa E. coli, rpsL kwa Pseudomonas, na kisima kisicho na kimeng'enya cha kugeuza RNA ili kunasa DNA iliyobaki. Usitumie kipimo kimoja cha kukata kwa pampu zote. mexB husemwa hata kwenye aina ya kawaida, hivyo mara 3 tu ina uzito. mexC na mexE hulala karibu kabisa, na zikiamka hupanda kwa makumi au mamia.

Kifua kikuu kinaonyesha vizuri kwa nini kidhibiti na pampu visomwe pamoja. Mutesheni kwenye Rv0678 huifungulia pampu MmpS5-MmpL5, na MIC za bedakwilini na klofazimini hupanda kwa pamoja. Lakini kuna aina ambazo mmpL5 yenyewe imeharibika. Hizo, hata Rv0678 ikikatika, hubaki nyeti. Anayesoma jeni moja tu ataripoti usugu usiokuwepo.

Namna ya kuandika matokeo

Andika MIC nne, za kimelea na za kilinganishi, pamoja na kizuia na bila kizuia. Aina na kiwango cha kizuia. MIC ya kizuia chenyewe. Kiwango cha magnesiamu. Na matokeo ya vankomaisini. Kisha sentensi moja: mara ngapi pampu inaongeza zaidi ya aina ya kawaida, na mara ngapi inabaki bila maelezo. Usibadilishe jibu la S (nyeti), I (la kati) au R (sugu) linalokwenda kwa daktari kwa sababu ya MIC yenye PAβN. Jibu la mgonjwa ni MIC ya mchuzi wa kawaida, usioongezwa chochote.